Doa la sebuleni limepakwa rangi mara tatu na bado linarudi

SWALI: Shikamoo fundi. Mwaka juzi tulihamia nyumba yetu huku Goba, ni hizi za kisasa ambazo paa limefichwa nyuma ya ukuta. Tangu masika iliyopita sebuleni kuna doa la kahawia karibu na taa, kama mita moja na nusu kutoka ukuta wa mbele. Kinachonishangaza, mvua kubwa inaweza kunyesha usiku kucha na pasidondoke hata tone, lakini ikija ya upepo, hata ya nusu saa, linadondosha. Chumba cha watoto, upande wa nyuma, rangi inabanduka juu kabisa ya ukuta. Fundi aliyepaua amekuja mara tatu, kila akija anapaka lami kwenye mfereji na silikoni huku na huku, sisi tunapaka rangi, doa linarudi. Fundi mwingine kaniambia paa zima limekosewa, livuliwe tuweke la kawaida. Picha nimetuma. Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, dada. Nusu ya jibu umeshaitoa mwenyewe kwenye ile sentensi ya upepo, na nitairudia. Nianze na usiku wa leo, maana mvua bado zipo.

Taa hiyo iliyo jirani na doa usiiwashe tena. Nenda kwenye meni swichi uzime laini ya taa za sebuleni, mtumie taa ya mezani hadi kazi iishe. Maji yakiwa darini hupenda kufuata waya, na tundu la taa ndilo mlango wa karibu wa kutokea. Ukiona jipsamu inaanza kuvimba kama tumbo, usiiangalie tu. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo ndoo moja ikikusanyika pale juu ni kilo 20 zinazoning'inia kwenye ubao uliokwisha kulainika. Zima umeme wote, sogeza makochi, weka beseni, simama pembeni (si chini yake) na utoboe katikati ya uvimbe kwa bisibisi. Tundu la bisibisi linazibwa kwa dakika kumi. Ubao ukianguka wenyewe unaondoka na ubao wa jirani yake, na kama mtoto amekaa hapo anaangalia katuni, sitaki hata kuwaza.

Sasa tuje kwenye ugonjwa wenyewe.

Picha yako ya tatu, ile iliyopigwa kutoka ghorofani kwa jirani, ndiyo iliyonisaidia. Bati zinashuka kutoka mbele kwenda nyuma. Mfereji uko nyuma, umebanwa kati ya mwisho wa bati na ukuta wa parapeti, yaani ule unaoficha paa. Sebule yako iko mbele. Maana yake fundi wako amepaka lami mara tatu kwenye sehemu ya chini kabisa ya paa ili kutibu doa lililo upande wa juu. Ili maji ya mfereji ule yafike kwenye taa ya sebule, yangelazimika kupanda. Sisemi ana nia mbaya. Mafundi wengi wakiitwa kwa ajili ya nyumba hizi wanakwenda moja kwa moja kwenye mfereji, kwa sababu mara nyingi kweli ndio mkosaji. Kwako mfereji una kesi yake, ila ni ile ya chumba cha watoto. Ni mavujo mawili tofauti, na kila moja lina dawa yake.

La sebuleni. Tundu la msumari au bati lililooza kwa kutu halichagui mvua. Mvua ikinyesha wima, linavuja. Ikinyesha ya kulala, linavuja. Doa lako linangoja upepo, na upepo kazi yake ni moja: kuyasukuma maji ukutani, kwa ubavu, mahali ambapo mvua ya kawaida haifiki. Kwa hiyo mimi naangalia ukuta wa parapeti wa mbele na pale bati linapokutana nao. Kama mbele ya nyumba kumetazama kusini au baharini, sitashangaa hata kidogo, maana kusi linapoanza kuvuma masika ikiwa bado haijaisha, upande huo ndio unaopigwa.

Pale bati linapogusa ukuta panatakiwa pawe na flashingi, yaani kipande cha bati kilichokunjwa, upande mmoja umeingia ukutani, upande wa pili umelala juu ya bati za paa. Neno la kuangalia ni "umeingia". Flashingi sahihi huchimbiwa kijimfereji ukutani kwa grenda, sentimita mbili hadi tatu kwenda ndani, ikachomekwa humo, halafu ndipo pakazibwa. Nyingi ninazozikuta hazikuchimbiwa kitu. Zimepigiliwa misumari juu ya lipu na ukingo ukapakwa silikoni. Siku ya kukabidhi nyumba inapendeza. Lakini ukuta una vumbi la saruji, silikoni haishiki vumbi, na bati linatembea. Ndiyo, linatembea: bati la mita 6 likipanda joto kwa nyuzi 40 hivi, kutoka ubaridi wa alfajiri hadi saa saba mchana, linarefuka karibu milimita tatu, jioni linarudi. Kila siku, mwaka mzima. Hakuna silikoni ya kupakwa juu juu inayovumilia mchezo huo masika mbili. Ukipandisha mtu, mwambie apitishe ukucha kwenye ukingo wa ile silikoni. Ikibanduka kama ganda la kidonda, jibu umelipata.

Mshukiwa wa pili yuko palepale: ukuta wenyewe. Parapeti ni ukuta uliosimama nje peke yake, unanyeshewa mbele, nyuma na utosini. Tofali za saruji zinakunywa maji. Kama juu yake hapakuwekwa kofia, au kofia ipo lakini imenyooka bapa na maji yanatuama, lipu inapasuka nyufa nyembamba kama unywele na maji yanazama ndani ya ukuta, yanapita nyuma ya flashingi hata kama flashingi yenyewe haina kosa, yanatokea darini. Wewe unalaumu bati, kumbe bati ni kavu.

Utajuaje ni kipi kati ya hivi viwili? Hapa ndipo ninapogombana na mafundi wenzangu. Usimlipe mtu hata shilingi ya kuziba kabla hajaingia darini na tochi. Akipanda juu ya paa tu, akatembea, akashuka na kusema "nimeona tatizo", mshukuru, mpe maji ya kunywa, aende.

Darini kuingiwe mara mbili. Mara ya kwanza saa sita mchana, jua kali, tochi ikiwa imezimwa. Mwanga ukichungulia mahali popote kwenye bati, pana tundu, weka alama kwa chaki kwenye mbao iliyo karibu. Kisha washa tochi ufuate kenchi (fremu za mbao zinazobeba paa) kuanzia juu ya doa kwenda upande wa juu wa paa. Maji yakishaingia hayadondoki palepale, yanashika ubavu wa papi (mbao zinazopigiliwa bati) au kenchi, yanateleza hadi yanapokuta kikwazo: kichwa cha msumari, kiungo cha mbao, waya wa taa. Hapo ndipo yanaachia. Yanakopita yanaacha mstari mweusi kwenye mbao, misumari ina kutu, vumbi limegandamana. Mstari huo ndio njia, ufuate unapokupeleka. Kwako natarajia utaishia kwenye ukuta wa mbele.

Mara ya pili ni kwa jaribio la mpira wa maji, siku kavu, watu wawili. Mmoja darini na simu, mwingine juu ya paa. Maji yamwagwe taratibu kama mvua, si kwa presha ya kuoshea gari, na muanzie chini kwenda juu, kamwe si kinyume chake. Ukianzia juu, maji yatashuka yalowanishe kila kitu na hutajua yameingilia wapi. Mwageni kwanza kwenye bati, mita moja chini ya flashingi, dakika 15. Darini pakavu? Pandeni, mwageni kwenye flashingi yenyewe, dakika 15 nyingine. Bado pakavu? Sasa lowesheni uso wa parapeti juu ya flashingi, upande wa ndani na upande wa barabarani, pamoja na utosini. Hapa kuweni wavumilivu, ukuta unaweza kuchukua nusu saa kabla haujatoa tone la kwanza. Hatua ambayo yule wa darini atapiga kelele "tayari!" ndiyo inayosema nini kirekebishwe.

Kuhusu kupanda: bati lenye unyevu linateleza kuliko sabuni, na anayepanda akanyage kwenye mistari ya misumari, ambako chini yake kuna papi. Usimtume kijana wa nyumbani. Kabla mtu hajagusa bati, zima meni swichi. Nimeshakuta waya uliotafunwa na panya ukiwa umelalia paa.

Ikithibitika ni flashingi, ing'olewe yote upande huo, ukuta uchimbiwe, mpya ichomekwe na ilale juu ya bati angalau sentimita 15. Ukingo uzibwe kwa gundi ya poliyurethani, ile inayobaki kama mpira, siyo silikoni ya bafuni. Ikithibitika ni ukuta, lipu iliyoachia ibanduliwe ipigwe upya, na juu pawekwe kofia yenye mteremko wa kuelekea ndani ya paa, iliyotokeza kidogo kila upande ili maji yadondoke mbali na ukuta badala ya kuteremka nao. Kisha ndipo upake rangi ya kuzuia maji. Rangi hiyo ikipakwa juu ya nyufa bila kuziba kwanza ni hela imetupwa.

Nikwambie pia kwa nini nasisitiza kuthibitisha. Miaka kadhaa nyuma niliitwa nyumba moja Tabata. Doa korido, mwenye nyumba ana uhakika ni bati. Nikabadilisha misumari, nikaziba viungo, nikalipwa. Wiki mbili baadaye simu: linavuja, na hakujanyesha. Niliona aibu. Tulipokaa tukaanza kuhesabu siku, tukagundua linavuja usiku wa maji ya mgao tu. Boya la tenki lililokuwa juu ya slabu lilikuwa limekufa. Maji yakija saa nane za usiku tenki linajaa, linafurika, yanatiririka hadi darini wakati watu wote wamelala. Boya jipya likamaliza kesi. Tangu siku hiyo swali langu la kwanza kwa mteja ni "linavuja lini?", siyo "linavuja wapi?".

Kwako mvua ya upepo imeshajibu swali hilo. Ila kwa msomaji mwingine ambaye doa lake halieleweki: likilowa mchana wa joto wakati kiyoyozi kinafanya kazi, angalia bomba la kutolea maji ya kiyoyozi, huziba kwa utelezi. Likilowa kila siku bila kujali hali ya hewa, shuku bomba. Na usidanganywe na kipimo cha mita peke yake. Nyumba zetu nyingi mita inasoma maji yanayoingia kwenye tenki, siyo yanayotoka tenki kwenda jikoni na bafuni. Usiku funga koki ya kuingizia maji kwenye tenki, weka alama ya usawa wa maji, wakataze watu wote kufungua bomba hadi asubuhi. Maji yakishuka bila kutumika, bomba linavuja mahali.

Chumba cha watoto sasa. Hapa ndipo mfereji unapohukumiwa. Kwenye picha naona mdomo mmoja tu wa kutolea maji, na kwa macho yangu hilo ni bomba la inchi mbili. Tupige hesabu. Paa lako kwa kukadiria ni mita 12 kwa 10, yaani mita za mraba 120. Mvua ya milimita moja juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Mvua ya milimita 50 kwa saa, na kwa masika ya Dar hiyo si ya ajabu hata kidogo, inakuletea lita 6,000 kwa saa, lita 100 kila dakika, zote zinagombania tundu moja la inchi mbili ambalo pengine lina majani ya mwembe ndani yake. Ili bomba hilo limeze kiasi hicho, maji lazima yajikusanye kwa kina karibu sentimita 10 juu yake. Mfereji wako una kina hicho? Kama hauna, maji yanapanda juu ya ukingo wa bati, yanamwagikia ndani ya ukuta, na rangi inabanduka juu kabisa kama ulivyoeleza. Lami hata ingepakwa ndoo nzima haisaidii, kwa sababu mfereji hauvuji, unafurika.

Dawa yake ni kuongeza milango. Weka matundu mawili ya inchi nne, moja kila mwisho, na mfereji uwe na mteremko wa kuelekea kwenye matundu hayo, maji yasituame katikati. Halafu toboa parapeti tundu la dharura, liwe chini kidogo ya ukingo wa bati, litokeze nje. Siku matundu ya kawaida yakiziba, maji yatatokea hapo na kumwagika uani mbele ya macho yako, badala ya kumwagika kwenye kitanda cha mtoto. Tundu hilo ni kazi ya nusu siku, na katika nyumba hizi za paa lililofichwa nalikuta mara chache sana. Mfereji wenyewe usafishwe kabla ya vuli na kabla ya masika, na wavu uwekwe kwenye midomo.

Kuhusu huyu anayetaka livuliwe paa zima: inawezekana kuna siku atakuwa na haki, lakini hajakuonyesha kipimo. Kinachoweza kulihukumu paa zima ni mteremko mdogo mno au bati lililooza. Chukua pima maji yenye urefu wa mita moja, iweke juu ya mgongo wa bati, inyanyue upande wa chini hadi kipovu chake kikae katikati, upime nafasi iliyobaki chini yake. Ukipata sentimita 9 ni nyuzi 5 hivi, ukipata 17 na nusu ni nyuzi 10. Bati zako ni za mgongo mpana, kwa hizo nyuzi 5 zinatosha kama viungo vimelaliana vizuri. Zingekuwa za migongo midogo kwa nyuzi hizo ningekuwa na wasiwasi, mimi nazitaka nyuzi 10 au zaidi. Ukikuta chini ya 5, tuongee tena. Kwa nyumba ya miaka miwili sidhani kama bati zimeoza, isipokuwa pale fundi alipoacha saruji mbichi imwagikie juu na kukaukia, maana saruji inakula ule mpako wa zinki.

Misumari iangaliwe hapohapo watu wakiwa juu. Iwe kwenye mgongo wa bati, si kwenye bonde ambako maji yanapita, na ile iliyochomoka ibadilishwe kwa skrubu zenye washa ya mpira. Usiugongee tena msumari uleule, tundu lake limeshapanuka.

Dari iwe ya mwisho kabisa. Najua doa linakukera na wageni wanaliona, ila rangi uliyopaka mara tatu ilikuwa inaficha ushahidi. Liache wazi, lichore mzunguko kwa penseli na uandike tarehe. Paa likishatengenezwa, ngoja mvua mbili za upepo zipite. Doa likibaki ndani ya penseli, umepona. Malipo ya mwisho ya fundi nayo yangoje mvua hizo, na mkubaliane hivyo kabla hajaanza kazi, siyo baada.

Kisha bonyeza jipsamu kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu na haijapinda, iache ikauke kabisa, fungua mlango wa darini hewa ipite, halafu paka kwanza rangi ya msingi ya mafuta juu ya doa, ndipo emalsheni ifuate. Emalsheni peke yake ina maji, inaliyeyusha doa na kulivuta juu upya, na hiyo ni sababu nyingine iliyofanya lirudi haraka. Ikiwa jipsamu imelainika au imepinda, hainyooki tena. Ikatwe kipande cha mraba hadi katikati ya mbao za blandaringi, zile zinazoshikilia dari, iwekwe nyingine ya unene uleule, tepu, skimu, msasa, rangi. Ukiona madoa meusi ya ukungu upande wa juu, kipande hicho kitolewe kimefungwa kwenye mfuko, na anayekitoa avae barakoa. Ukuta wa chumba cha watoto ukikwangua usiupake rangi mwezi huo huo. Gundisha kipande cha nailoni ukutani kwa tepu pande zote nne usiku mmoja na mchana wake. Ukikuta jasho nyuma yake, ukuta bado una maji.

Ukishampata mtu wa kuingia darini, nitumie picha ya ukuta wa mbele kwa ndani, pale mbao za mwisho zinapougusa, na ya mfereji ukiwa na futi ndani yake ili nione kina. Na kitanda kile cha watoto kisogezeni ukuta wa pili leo.